Dramu Zilizokatazwa Kulia Mount Druitt

Wadogo zangu, kila nikija kuwasaidia kufunga vipaza sauti hapo ukumbini kwenu, lazima mmoja wenu aulize kwa nini mtu ambaye hata mvi hana anajiita mstaafu. Jibu ni fupi. Sikio langu la kulia lilianza kupiga filimbi lenyewe, na daktari akaniambia nichague, kazi ya sauti au sikio. Nikachagua sikio, maana bado nina mambo mengi ya kusikia. Wengine hustaafu na mvi, mimi nimestaafu na filimbi. Sasa nafanya kazi ofisini, mahali ambapo kelele kubwa kuliko zote ni ya mashine ya kahawa.

Lakini ninyi mnaoianza kazi hii, kuna jambo nataka mlijue kabla hamjakimbilia kununua vifaa, na siwezi kulieleza bila kuwasimulia habari za Wanorwei watatu. Walinaswa Sydney mwanzoni mwa korona wakiwa bendi ya kupiga mayowe, wakaondoka wakiwa bendi ya kunong'ona. Muziki waliokuja nao unaitwa black metal: gitaa linalokwaruza, mwimbaji anayelia kama mtu aliyebanwa na mlango, na dramu za kasi ambayo huwezi kuihesabu. Walioondoka nao ulikuwa wa kompyuta na mivumo, wa polepole, wa ajabu. Mashabiki wao wa zamani hadi leo hawajawasamehe. Mmoja aliandika mtandaoni kwamba Australia iliwaroga. Haikuwaroga. Nilikuwepo.

Jina la bendi sitalitaja. Kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama Ukungu wa Mifupa, na wenyewe walikuwa wakilicheka.

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nina shahada ya ufundi sauti na hofu ya kutosha watu kumi. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Nikitumwa waya mmoja nilileta mitatu, iwapo wa kwanza utakufa na wa pili utaugua kwa kuona ya mwenzake. Nikiandika ujumbe wa kumuuliza bosi saa ya kufika kazini, niliuandika, nikaufuta, nikauandika upya kwa adabu zaidi, na nilipoutuma tayari nilikuwa nimechelewa. Kwa namna hiyo nilipata kibarua cha msaidizi wa fundi wa sauti kwenye maonyesho yao ya Sydney.

Onyesho la kwanza halikufanyika. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, fundi mkuu akakimbilia kwao Melbourne kabla mpaka wa jimbo haujafungwa, akaniachia ufunguo wa gari lenye vyombo vyote. Ndege ya Wanorwei ikafutwa, na iliyofuata nayo ikafutwa. Wakabaki wameketi juu ya masanduku yao, wananitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeifunga dunia.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mount Druitt, kitongoji cha magharibi mwa Sydney, kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Uani alikuwa na kijumba kitupu, mpangaji wake amehama. Nikampigia simu.

"Mama, nina wageni watatu. Wazungu. Hawana pa kulala."

"Ni bakristu?"

"Ni wanamuziki, Mama."

"Mi niliuliza kitu ingine."

Lakini aliwapokea. Leif alikuwa mwimbaji, mrefu, mpole, na ukimsikia jukwaani huwezi kuamini kwamba ndiye huyo anayeomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Halvard alipiga gitaa na hakupenda kuzungumza kabla ya saa sita mchana. Torgeir ndiye mpiga dramu: mwili mkubwa, viganja kama koleo, kicheko cha karibu. Walikuwa pamoja tangu shuleni. Vyombo tulivipanga gerejini, chini ya bati.

Wiki hiyohiyo waliamua kutengeneza video fupi ya kuwatuliza mashabiki. Basi wakajipaka nyuso kama desturi ya muziki wao, nyeupe pe, na weusi kuzunguka macho na midomo. Walikuwa wamekaa kimya barazani pa kijumba chao wakisubiri rangi ikauke, Mama Furaha akatokea kazini, sare mwilini na barakoa usoni. Mimi nilikuwa dirishani. Nilishafikiria namna zote ambazo jambo hili lingetuharibikia: atapiga kelele, ataita polisi, atamwaga maji ya baraka. Hakufanya hata moja. Aliwatazama, akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, na ugali umefunikwa kwa sahani. Akaviweka barazani, akarudi nyuma kama sheria ya korona ilivyotaka, akageuza ndoo, akaikalia.

"Poleni sana," akasema. "Nani alikufa?"

Kijijini kwa bibi yake, aliniambia baadaye, mtu aliyejipaka uso mweupe na kukaa kimya amefiwa, na aliyefiwa halali na njaa. Niliwatafsiria. Torgeir ndiye aliyejibu.

"Mwambie ni safari yetu iliyokufa."

Mama Furaha alilifikiria hilo. "Eh. Safari nayo inakufaka. Kula basi."

Walikula na rangi yao usoni. Torgeir alilamba sahani mpaka akabaki na masharubu ya kijani kibichi juu ya weupe, na video hiyo haikupigwa tena.

Shida ilianza siku ya mazoezi ya kwanza. Jirani yetu wa kulia aliitwa Darren. Alikuwa akiendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany, usiku anakesha barabarani, mchana analala. Torgeir akipiga dramu, miguu yake miwili ilikwenda mbio kama mvua ya mawe, na Mama Furaha alisema yule kijana anapiga sawa mtu anakimbizwa na nyuki. Hawakumaliza wimbo wa pili. Darren alisimama mlangoni pa gereji, kaptura, miguu mitupu, macho mekundu.

"Jamani, mimi si mkorofi," alisema. "Pigeni gitaa, imbeni, lieni mkitaka. Lakini hizo dramu zinaniingia hadi ndani ya mto. Nikisinzia kwenye usukani na kontena nyuma, nitaua familia ya mtu."

Hakuna aliyebishana naye. Torgeir mwenyewe ndiye aliyesema, "Ana haki," akachukua mablanketi ya Mama Furaha na kuzifunika dramu zake moja moja, kama anayelaza watoto.

Mimi, kwa kuwa nina shahada, nilisema tatizo linatatulika. Nikaomba magodoro kwa majirani waliokuwa wakihama, nikayasimamisha ukutani gereji nzima. Haya yashikeni, wadogo zangu: godoro linazuia mwangwi ndani ya chumba, halizuii dramu kutoka nje. Sauti nzito hupita ukutani kama mgeni asiyebisha hodi. Ukitaka kuizuia unahitaji uzito, ukuta wa pili, na hewa katikati, na ukiwa umepanga nyumba huna hata kimoja. Torgeir alipiga pigo moja tu la majaribio. Pazia likafunguka chumbani kwa Darren. Tukayarudisha magodoro.

Siku zikapita. Leif akanipa rekodi ya yale mazoezi yaliyokatizwa, akasema, "Itayarishe tuisikie." Hakusema zaidi. Mtu mwingine angemuuliza, kuitayarisha vipi? Mimi niliogopa ataniona sijui kazi, kwa hiyo nikaifanya kama tulivyofundishwa chuoni. Niliisafisha. Nikaondoa mvumo wa amplifaya, nikaondoa mchakacho wa maikrofoni kuukuu, mtetemo wa bati, treni ya kwenda Penrith, pumzi za Leif kabla ya kila mstari. Nilipomaliza ilikuwa inang'aa. Nikawaita.

Walisikiliza mpaka mwisho. Halvard akajikuna shingo.

"Umeipeleka hospitali," Leif akasema, kwa upole.

"Na imetoka bila damu," Halvard akaongeza.

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila shabiki wao wa miaka kumi na mitano alilijua. Katika black metal uchafu hauji kwa bahati mbaya. Watu wale walikuwa wakitafuta maikrofoni mbovu makusudi, wakirekodi kwenye vyumba vya chini vyenye baridi, ili muziki usikike kama unatoka mbali, nyuma ya theluji. Mimi nilikuwa nimewafagilia theluji yote.

"Uchafu wetu umeuweka wapi?" Torgeir akauliza, nusu utani.

Mimi situpi kitu. Ni ugonjwa, lakini katika kazi hii ni ugonjwa mzuri: usifanye kazi juu ya rekodi ya asili, fanya juu ya nakala, na ulichokiondoa kiweke. Ile programu ya kusafishia ina kitufe cha kukusikilizisha kile tu kinachoondolewa. Nikakibonyeza kuwaonyesha. Gerejini kukajaa kitu ambacho sikuwa nimekitegemea. Gitaa lilikuwa limekwenda, yowe limekwenda, umebaki mvumo, bati linalotetema, treni inayokuja na kupotea, na pumzi ya mtu anayejiandaa kusema neno na halisemi. Halvard aliketi sakafuni.

"Wimbo ndio huu," akasema.

Bendi ilianza kugeuka palepale. Wale wanaoandika kwamba waliuza roho zao kwa wenye redio hawajui wasemalo, hakuna redio ingeupiga muziki ule. Tuliunyosha ule mvumo mpaka pumzi moja ikachukua dakika. Halvard akaacha gitaa, akashika kinanda cha umeme alichokopeshwa na vijana wa kanisa la Mama Furaha. Leif akaanza kuimba chini, karibu na maikrofoni. Kila asubuhi tulikuwa na kitu kipya, na kila asubuhi Torgeir alikaa kwenye kiti chake pembeni, mikono mapajani, akisema, "Nzuri. Nzuri sana." Kisha akaenda kumsaidia Mama Furaha kukata majani ya sombe.

Halvard hakuwa na nia mbaya aliponiomba nikate mapigo ya Torgeir kutoka kwenye ile rekodi moja na kuyapanga upya kwenye kompyuta. "Tutakuwa na Torgeir bila kelele," alisema. Nikayakata. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikalipanga kila pigo mahali pake hasa, kwenye mstari, lisizidi wala lisipungue. Nilikuwa nawachezea wenzake, mara Torgeir akaingia na sahani mkononi. Alisimama akasikiliza.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe," nikasema. "Kwa kiasi."

"Hakosei."

"Hapana, hakosei."

"Basi si mimi."

Akaweka sahani juu ya amplifaya, akatoka. Kesho yake alituambia ubalozi umempatia kiti kwenye ndege ya Ijumaa. Kiti kimoja. Alikuwa anakwenda nyumbani, alikuwa na binamu mwenye duka la mbao, na dramu tungeweza kuziuza au kuziacha.

Leif alinikuta gerejini nikikunja waya. "Akienda, hakuna bendi," alisema. "Tutabaki watu wawili wanaobonyeza vitufe na kukumbuka mtu wa tatu. Nimemwambia abaki. Ananiuliza, nibaki nifanye nini? Sina jibu."

Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa na samahani nyingi, nimezipanga kwa ukubwa. Lakini nilimtazama Leif nikaona samahani haitamsaidia mtu yeyote, na kwamba katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyesomea kutafuta jibu la swali la Torgeir. Nikaamua sitaliacha lipite. Nikachukua rekodi ya asili, chafu, isiyoguswa, nikaisikiliza sehemu ndogo ndogo, nikirudia.

Nilichokuta ni hiki. Torgeir hakuwa akifuata saa. Kabla ya kila sehemu nzito alikuwa akisubiri Leif avute pumzi, ndipo anashuka. Leif akivuta ndefu, Torgeir alichelewa kidogo, akivuta ya haraka, alishuka haraka. Bendi nzima ilikuwa inaning'inia kwenye pumzi ile. Mimi kwanza nilikuwa nimeiondoa pumzi, kisha nikayanyoosha mapigo kwa rula. Basi hawakukosa ngoma. Walikosa mtu anayesikiliza. Na mtu anayesikiliza hahitaji kupiga kelele, anahitaji kitu cha kugusa.

Katika kazi yetu kuna kifaa tunakiita geti. Mnakitumia hapo ukumbini bila kujua. Kinafunga sauti, na kinaifungua pale tu kinapobishiwa hodi. Kwa kawaida sauti hubisha mlango wake yenyewe. Lakini unaweza kuweka sauti moja nyuma ya geti na kumpa mtu mwingine kazi ya kubisha. Nikaweka ule mvumo wetu wote nyuma ya mageti: amplifaya nyuma ya moja, bati nyuma ya jingine, treni nyuma ya la tatu. Kisha nikatoa vihisio vyangu vya chuoni, vidude bapa kama sarafu ambavyo hubandikwa kwenye gitaa vikasikia mtetemo wake. Nikavibandika kwa gundi ya karatasi chini ya mito ya sofa ya Mama Furaha, ili anayegusa mto ndiye abishe hodi.

Haikufanya kazi. Mageti yalifunguka kila lori lilipopita barabarani. Nikayaziba zaidi, yakakataa kufunguka hata nikipiga ngumi. Nikagundua kitambaa kinameza mtetemo, nikaingiza kipande cha mbao nyembamba kati ya mto na kihisio. Nikajaribu tena na tena. Mama Furaha alinikuta nimepiga magoti gerejini nikichapa.

"Neema. Ile mto ilikukosea nini?"

"Natafuta kitu, Mama."

"Unakitafuta kwa kofi?"

Ijumaa begi la Torgeir lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye utangulizi. Nilipomwona amevaa koti la safari, utangulizi ukanipotea.

"Torgeir, kaa hapa."

Alitazama mito iliyopangwa juu ya viti, waya zikining'inia. "Neema, mimi sipigi mashine."

"Hii si mashine. Ni sofa ya Mama Furaha."

"Na asiipasue," Mama Furaha akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja kumuaga.

Torgeir akaketi, kwa ajili yangu nadhani, kama mtu anavyokubali kuonja chakula ili mpishi asilie. Nikamvisha hedifoni, Leif na Halvard wakavaa zao. Akaugusa mto wa kwanza kwa kidole kimoja. Niliona macho yake yakibadilika. Akagusa kwa upole zaidi, kisha kwa kiganja chote. Ule mvumo ulifunguka kadiri alivyotaka na kufungika alipotaka. Kwa sikio la nje hakukuwa na kitu zaidi ya patapata, kama mtu anayekung'uta nguo.

Leif akasogea kwenye maikrofoni. Hakupiga yowe, Darren alikuwa amelala. Akavuta pumzi, ndefu. Torgeir alisubiri. Nilikuwa nimeifikiria sekunde ile namna nyingi kiasi kwamba ilipokuja sikuitambua. Pumzi ikafika mwisho, mikono ya Torgeir ikashuka yote miwili, na ndani ya hedifoni zetu gereji nzima ikafunguka.

Walipiga wimbo mzima. Torgeir akavua koti katikati bila kuacha kupiga, mkono mmoja kwa zamu. Jasho lilimtiririka. Mama Furaha, ambaye hakuwa na hedifoni, aliwatazama kwa masikitiko.

"Hapa hakuna kitu," akaniambia. "Banaume batatu banatikisa vichwa sawa kuku."

Nikamwekea upande mmoja wa hedifoni yangu sikioni. Akaishika kwa mkono wake isije ikaanguka.

Nje, teksi ikapiga honi. Mimi na Mama Furaha tuliisikia, kila mmoja kwa sikio lake la wazi. Leif aliiona kupitia dirisha, akaendelea kuimba, akinitazama. Torgeir hakusikia chochote. Nilifikiri, naweza kunyamaza. Dereva atachoka aondoke, ndege itaondoka, na jambo litakuwa limejiamua lenyewe. Lakini mtu akibaki kwa sababu hakusikia, hajabaki. Wimbo ulipoisha nikamwendea, nikamwinulia hedifoni sikioni.

"Torgeir, teksi yako imefika."

Alilitazama begi. Alimtazama Leif, aliyekuwa amesimama na mikono mfukoni. Kisha akarudi kwenye ule mto wa chini, ule niliouweka mahali pa mguu wake wa kulia, akaubonyeza kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Huu laini mno," akasema. "Mguu unazama. Unawezaje kumpa mtu mto kama huu akafanya kazi? Nitafutie mgumu."

Nikatoka kumwomba radhi dereva, kisha nikaenda kutafuta mto.